Bwana Harusi wa Majaribio

Fomu ilianza kumkatalia Kokuberwa Jumatatu saa nne asubuhi, na yeye ndiye aliyeitengeneza.

Ilikuwa fomu ya kuandikisha ndoa kwenye tovuti ya parokia yao, pale Karagwe. Ukikosea, haingoji utume. Palepale kwenye simu yako kisanduku kinageuka chekundu, na chini yake panatokea maneno: namba haijatimia, tarehe imeshapita. Maneno yote hayo aliyaandika Kokuberwa. Wazee wa Igurwa wasiojua kompyuta walijaza wakapita. Yeye akaandika jina la mchumba wake, Ambrose, kisanduku kikawa chekundu: "Huyu siye."

Maneno hayo hakuyaandika yeye. Akafuta, akarudia. "Huyu siye." Ofisi ya parokia ikaanza kunukia kahawa, na jiko lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa.

Ambrose alikuwa ameketi kando yake. Mwalimu mzuri, mtu wa watu, lakini wivu wake, jamani, hata fundi cherehani aliyempima mchumba wake mabega alinuniwa wiki nzima.

"Andika Fidele," alisema taratibu.

"Fidele gani?"

"Aliye kwenye orodha yako, nimemwona. Bwana harusi Fidele, bibi harusi Kokuberwa. Tangu mwezi wa tatu."

Kokuberwa akakumbuka. Siku ya kujaribu fomu alihitaji bwana harusi, akabuni mmoja, na kwa uvivu wa kubuni bibi harusi akajiandika mwenyewe. Kisha akasahau kufuta. "Ni majaribio tu," alinong'ona. "Hayupo."

"Andika."

Akaandika. Kisanduku kikawa kijani.

Ambrose akachukua kofia ya pikipiki. "Jumapili tangazo letu lisiposomwa, tusitafutane," alisema, akaondoka.

Kokuberwa akaenda Bugomora kwa shangazi yake, Anatolia, akamkuta akimenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Alisikiliza yote, kisha kisu kikasimama. "Ulipomwandika, hakuja mtu?"

Alikuja. Mchana uleule wa majaribio, mvua inanyesha, mwanamume mtanashati mwenye nguo kavu alimshukuru kwa kumkumbuka, akapasua punje ya kahawa, akampa nusu. Ilikuwa na unyevu. Kokuberwa akaitafuna, maana kahawa haikataliwi.

"Mwenyeji ndiye humpa mgeni kahawa," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni akikupa wewe, unamuuliza ukoo wake kwanza. Ule unyevu ni damu yake, umeila, mwanangu. Huo ni omukago, kiapo cha damu, walioula hawaachani. Kamfute kulekule ulikomwita."

Akarudi ofisini jioni ileile, akamfuta Fidele, akarudi Fidele, akamfuta tena, na kwa kuwa alijua kwamba ule wekundu unaishi kwenye uso wa fomu tu na hauna mkono wa kufika nyuma kwenye orodha yenyewe, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaandika Ambrose, huku harufu ya kahawa ikimjaa puani na pumzi ya mtu ikimpuliza shingoni polepole, akabonyeza hifadhi, akafunga macho.

Jina likakaa.

Jumapili katekista Cleophace akasoma: Ambrose na Kokuberwa. Ambrose akamshika mkono, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kokuberwa naye akapumua.

"Mwenye kujua kizuizi atoe taarifa ofisini, au ajaze fomu kwenye tovuti yetu."

Simu ikatikisika mkobani. Fomu mpya imepokelewa. Aliifungua chini ya kitenge. Jina: Fidele. Kizuizi: Nilitangulia mimi. Mahali ulipo: Benchi la nyuma yenu. Hakuna kisanduku hata kimoja kilichokosewa.

Hakuthubutu kugeuka. Ambrose akainama karibu na mdomo wa Kokuberwa, akanusa, na tabasamu likamfutika.

"Umetafuna kahawa ya nani?" alinong'ona.