Vichupa Vitatu Vilivyokataa

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwa Bibi kumwoshea vyombo. Usidhani nasema sahani na masufuria. Bibi alikuwa mwanakemia mstaafu, na chumba chake cha nyuma, ambacho watu wenye akili zao wangekifanya chumba cha wageni, alikijaza chupa za kioo, faneli, mizani ndogo na marundo ya makaratasi. Kila chombo nilikiosha mara tatu kwa sabuni na mara tatu kwa maji matupu, naye ameketi kitini na koti lake lililoungua mfukoni, ananitazama kama askari wa zamu.

"Hicho hakijatakata."

"Kimetakata, Bibi."

"Kimetakata machoni pako. Rudia."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilimdharau. Nasema wazi, kwa sababu wakati ule niliwadharau watu wengi na sikujua kwamba wa kudharauliwa nilikuwa mimi. Rafiki zangu walikuwa na mababu waliokuwa mameneja, wenye kuamkiwa kila wanapopita. Mimi nilikuwa na bibi aliyefanya kazi miaka thelathini na minane kwenye taasisi ya utafiti, akarudi nyumbani na saa ya ukutani na kikohozi. Hata jina alilopewa na wenzake kazini, Mama Pete, lilikuwa la kumcheka.

Jina hilo lilitokana na utafiti wake. Wanakemia wa siku zake walishughulika na kuunganisha chembe kwa nguvu, kama fundi anavyochomelea chuma. Bibi alichunguza molekuli zinazoshikana bila kuchomelewa, kama mkono unavyoshika kikombe: unashika, na ukitaka unaachia. Molekuli zake zilikuwa na umbo la pete, na katikati ya kila pete palikuwa na nafasi ambayo molekuli nyingine ndogo iliweza kuingia na kutulia. Mkuu wake alisema huo ni mchezo wa watoto. Miaka tisa alisema hivyo. Kisha wageni wakaanza kuja kutoka taasisi za mbali kumuuliza Mama Pete maswali, na mkuu yuleyule akawa anajipitisha mbele kwenye picha.

Hayo yote niliyajua, na hayakunigusa hata kidogo mpaka shule ilipotangaza maonyesho ya sayansi. Hapo nikakumbuka ghafla kwamba nina bibi.

"Bibi yangu," nilimwambia kwa sauti tamu, "nipe jaribio ambalo hakuna mtu shuleni amewahi kuliona."

Alinitazama kwa jicho moja, kama anayepima uzito. Akanipa mfuko mdogo wa unga mweupe na kichupa cha dawa.

"Unga huu umetengenezwa kwa wanga. Molekuli zake ni pete. Chukua maji yenye magadi, tia matone mawili ya dawa hii, maji yatakuwa ya rangi ya waridi. Kisha tia unga. Pete zitaimeza dawa na rangi itapotea. Rudia mara kumi, uandike unachokiona. Usiandike unachokitaka."

"Ndiyo, Bibi," nikasema, nikiwa nimeshafika mlangoni.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na mwenzake. Nilimchagua msichana tuliyemwita Miwani, ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimchagua kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na, kama nilivyodhani, hakujua kubisha.

Tulifanya jaribio nyumbani kwetu, mezani jikoni. Kishikio chetu cha mbao cha kusimamishia vichupa kilikuwa na matundu saba tu. Vichupa vitatu vilivyobaki nilivisimamisha ndani ya kikombe kikubwa ambacho bado kilikuwa na maji ya moto niliyooshea vyombo. Tukatia dawa, tukatia unga, tukatikisa. Vichupa saba vilififia vikawa kama maji ya kunywa. Vile vitatu vya kwenye kikombe vilibaki vya waridi, vinang'aa kana kwamba vinatucheka.

"Saba ndiyo, tatu hapana," alisema Miwani, akainama kuandika.

"Unaandika nini wewe? Andika kumi."

"Lakini si kumi."

"Hivi unadhani jaji atampa zawadi mtu aliyeshindwa mara tatu?" Nikavichukua vile vitatu nikavimwaga kwenye sinki. "Haya, sasa viko wapi? Mimi naona vilivyofifia tu."

Miwani alimaliza mstari wake, akafunga daftari. Nikaandika jedwali mwenyewe kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu za rangi: kumi kati ya kumi. Lilipendeza kweli. Nililibandika ukutani nikalitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi. Bibi aliketi safu ya pili, na safari hii koti lake lilikuwa limepigwa pasi. Jaji alikuwa mhadhiri wa chuo, mwanamume mwembamba aliyekwenda meza hadi meza bila kutabasamu.

Kabla zamu yetu haijafika, niligundua kwamba bomba la ukumbini limekauka. Nikaenda kwa mama wa chai, nikajaza jagi letu kutoka kwenye birika lake kubwa.

"Maji hayo ni ya moto," Miwani alininong'oneza.

"Maji ni maji," nikamjibu. "Wewe shika kitambaa ufute meza."

Jaji akafika. Nikazungumza vizuri sana, nikamtaja Bibi mara nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Nikatia magadi, nikatia dawa, maji yakawa ya waridi, watu wakasema "aah." Nikatia unga. Nikatikisa. Nikangoja. Nikatikisa tena.

Waridi lilibaki palepale.

"Labda ongeza," alisema jaji. Nikaongeza. Kichupa cha pili, cha tatu, vyote waridi. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka, wengine wakamfuata. Masikio yalinichoma. Na hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha.

"Ni unga. Bibi yangu alinipa unga uliochacha. Ni mzee, siku hizi anachanganya mambo."

Kicheko kikaenea. Bibi hakusogea. Alinitazama tu, kwa jicho lile analotazamia chupa chafu.

Jaji aligeukia jedwali langu. "Hapa umeandika kumi kati ya kumi. Ulitumia unga upi?"

"Huuhuu."

"Lini?"

"Juzi."

"Kwa hiyo umechacha tangu juzi?"

Ndipo niliposikia sauti pembeni yangu, nyembamba lakini haitetemeki.

"Si kumi," alisema Miwani. "Ni saba." Akatoa daftari lake kwenye mkoba akasoma. "Vichupa saba, maji ya kawaida, rangi imepotea. Vichupa vitatu, vimesimama kwenye maji ya moto, rangi imebaki."

Bibi akainuka. Alikuja mpaka mezani kwetu taratibu, akanipita kana kwamba mimi ni kiti, akasimama mbele ya Miwani.

"Vile vitatu, vilipopoa vilikuwaje?"

"Sikuona, Bibi. Vilimwagwa."

"Na nani?"

Miwani aliangalia chini. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

"Na mimi," nikasema.

"Ahaa," alisema Bibi. "Umemwaga sehemu pekee iliyokuwa na maana." Akamgeukia mama wa chai. "Mwanangu, una maji kwenye jokofu?"

Yakaletwa kwenye bakuli. Bibi akakitumbukiza kichupa kimoja cha waridi, akakishika hapo. Polepole waridi lilianza kupauka, likawa hafifu, likaondoka kabisa. Akakitoa, akakisimamisha kwenye jagi la maji ya moto, na waridi likarudi.

"Kukiwa na baridi, pete inashika," alimwambia jaji. "Kukiwa na joto, inaachia. Msichana huyu mwenye miwani alikuwa nalo hilo kwenye daftari lake. Huyu mwingine alikuwa na karatasi iliyopakwa rangi." Kisha ndipo aliponitazama. "Sasa waambie wazazi hawa kama unga wangu umechacha."

Niligeuka. "Unga haujachacha," nikasema. "Nilidanganya. Nilidanganya kwenye jedwali na nimemsingizia Bibi. Naomba msamaha."

Hakuna aliyecheka safari hii, na hakuna aliyepiga makofi. Jaji alifuta jina langu kwenye orodha yake, akaliacha la Miwani. Mwisho wa siku Miwani alipewa cheti cha uchunguzi bora. Alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja vizuri, akanisubiri mlangoni ili tuondoke pamoja, ingawa sikustahili.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi. Nilidhani atanifukuza. Alinyoosha kidole kwenye sinki, nami nikaosha vyombo vyote, mara tatu na mara tatu, bila kuambiwa rudia. Nilipomaliza, aliniita kitini kwake.

"Nimedharauliwa na watu wengi," alisema. "Mkuu wangu aliniona mpumbavu kwa miaka tisa. Haikunidhuru. Alinidharau kwa kutojua, na siku alipojua aliacha. Lakini mtu anayeona jambo kwa macho yake, akalifuta ili aonekane mwerevu, huyo namdharau mimi, na nina sababu. Anawaibia wote watakaokuja kumwamini. Daktari atampimia mgonjwa dawa kwa jedwali kama lako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Sijui. Tutaona."

Akavuta daftari kuukuu kutoka chini ya rundo la makaratasi, akafungua ukurasa wenye madoa. Palikuwa na vipimo vya chupa kumi na mbili kwa mwandiko wake wa ujana. Kumi na moja zilikuwa na rangi kama mkuu wake alivyotarajia. Mbele ya chupa ya tisa aliandika: Rangi imepotea. Sijui kwa nini.

"Mkuu aliniambia chupa ilikuwa chafu, nikaitupe," alisema. "Nilikaa nayo miaka miwili. Uchafu wenyewe ulikuwa pete ya kwanza."

Alinipa kalamu na karatasi tupu, isiyo na rangi yoyote. Nikachora jedwali upya. Nikaandika saba, nikaandika tatu, nikaandika kuhusu kikombe cha maji ya moto. Kisha nikasita.

"Bibi, joto linafanyaje hata pete iachie?"

"Wewe unajua?"

"Hapana."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika: Sijui kwa nini. Bibi aliisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, akavaa koti lake, akawasha taa ya mezani.

"Vizuri," alisema. "Mwite Miwani. Sasa tuna kazi."