Maneno ya Kanga Yasomeke

Evarista anauza viatu vya mitumba sokoni Mchikichini. Mumewe, Athanas, ni fundi cherehani, na ukimsikiliza mwenyewe, ni fundi wa kila kitu.

Wiki hiyo nyumba yao ilichangamka. Walimuaga binti yao Victoria kwa sherehe kubwa kabla ya harusi. Bibi Angela, mama yake Athanas, alibaki Masasi kwa sababu ya mguu unaomuuma. Alimtumia mjukuu wake kanga. Halafu akampigia simu mkwewe.

"Evarista, nasikia kanga yangu uliificha. Nitaamini hukuificha nikiyasoma maneno yake mwenyewe, kwenye televisheni."

Flashi yenye video ya sherehe ilitakiwa kuondoka na basi la kesho yake alfajiri. Wakaijaribu kwanza kwenye televisheni yao, ya zamani kama ile ya Bibi. Sauti ikaja, picha giza.

"Faili limenenepa," alisema Athanas. "Nalipunguza."

Akalipunguza kwa simu. Giza. Akalichukua lililopunguzwa, akalipunguza tena. Mara ya nne bado giza, na kwenye simu uso wa Victoria ulikuwa kama uji wa ulezi. Kwenye kanga haikusomeka herufi hata moja.

Evarista akamkokota mumewe hadi mtaa wa Msimbazi, kwa Rawan, binti anayeuza memori kadi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyu baba ameua video."

Rawan akaitazama. "Mama, robota la mitumba likifunguliwa, nguo si zinatoka zote?"

"Zote, na mende juu."

"Basi video siyo robota. Ikibanwa, kuna vitu vinatupwa. Ukuta wa nyuma usiposogea, hauandikwi upya, kinaandikwa kilichosogea tu. Vidogo ambavyo jicho halivioni sana, vinatupwa. Sauti ya MP3 nayo inatupa kile ambacho sikio halikisikii sana. Ukibana mara moja kwa kiasi, hutambui. Ukibana kilichobanwa, unatupa juu ya kutupa, na kilichotupwa hakirudi."

"Na lile giza?"

"Hiyo MP4, aina ya faili lenu, ni boksi tu. Ndani kuna namna ya kufunga picha. Simu yenu inafunga kwa H.265, na televisheni nyingi za zamani haziijui. H.264 karibu zote zinaifungua. Video ya mwanzo ipo?"

Evarista akamtazama mumewe. Athanas akatazama viatu vyake.

"Nilitaka kuifuta," alisema. "Simu ikaisha chaji."

Evarista hajawahi kuishukuru betri mbovu kama siku ile.

Rawan akaichukua ile ya mwanzo, akaibadili mara moja tu kuwa H.264, bila kuibana sana. Akaiweka kwenye televisheni kuukuu ya dukani. Victoria akatokea anacheza, kanga begani, herufi zimenyooka: *Ulipo nipo, japo hunioni.*

Evarista akapiga vigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

"Ile ya mwanzo itunzeni," Rawan alisema. "Kila ukitaka ndogo, anzia hapo."

Keshokutwa yake Bibi akapiga simu.

"Evarista, nimesoma. Nisamehe, mwanangu. Picha inang'aa, naona hadi vifungo vya watu. Hebu mpe simu Athanas."

Athanas akaipokea kwa madaha.

"Athanas, nyuma ya bi harusi, yule anayetia paja la kuku mfukoni ni nani?"

Athanas akamgeukia mkewe, sauti chini.

"Kwani ile niliyobana mimi ilikuwa na ubaya gani?"