Kengele Isiyouliza Nani

Kengele ilimkaribisha mtu, na mtu hakuingia.

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, akangoja kusikia viatu vikivuliwa mlangoni, kama wateja wake walivyozoea. Kimya. Jua lilikuwa la utosini, saa ambayo hata mbwa hutafuta uvungu. Mlango ulikuwa umejifungua wenyewe, ukakaa wazi kiasi cha mtu mwenye adabu kupita, kisha ukajifunga taratibu: tak.

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza kutoka chumba cha nyuma, alikolala tangu nyonga yake ivunjike.

"Hakuna mtu, mama."

"Kama hakuna mtu, umemkaribisha nani?"

"Si mimi. Ni kengele."

"Kengele yenye sauti yako," mama mkwe alisema. "Haya. Mkojo umenibana, njoo."

Kengele ilikuwa ya shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, muuza simu na makorokoro yake kibandani, na chochote alichokiona mtandaoni lazima akionje kwanza, kama inzi. Safari hii kampuni moja ilikuwa inagawa kengele zenye vitasa vyake: jaribu mwezi mzima bure, ukimaliza utoe maoni na nyota. Alikuja na boksi kwapani, akatoboa mlango wa watu kabla hata hajaketi.

"Shem, miguu yako iko kwenye cherehani kutwa," alisema. "Mteja akibonyeza hapa, kengele inamjibu kwa sauti yako, kitasa kinafunguka, wewe wala hunyanyuki. Sema neno la kukaribisha, simu ilichukue."

Fundi alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani na pini mdomoni. Alitema pini, akasema neno ambalo mwanamke yeyote aliyelelewa angelisema: "Karibu. Pita ndani. Jisikie uko kwako."

"Safi kabisa!"

"Safi nini?" mama mkwe alidakia kutoka ndani. "Mtu akipiga hodi unamuuliza nani. Akijitaja ndipo unamkaribisha. Hicho kidude chenu kinauliza nani?"

"Mama, hayo ya zamani. Hii ina kamera."

"Kamera! Wewe una macho mawili, na bado ulimwoa yule."

Sasa fundi alimpigia shemeji simu kumweleza habari ya mlango. Shemeji akacheka, akasema ni paka, atazame picha. Fundi akatazama. Kizingiti kilikuwa kitupu, kimepigwa na jua, ndoo haina kivuli, mti wa jirani hauna kivuli, maana jua lilikuwa juu kabisa. Lakini sakafuni, kwa upande wa ndani, kilikuwepo kivuli kirefu cha mtu aliyeinamisha kichwa, kama anayevua viatu.

Aliifuta ile picha. Watu hufanya hivyo.

Kesho yake nyumba ilinuka nguo iliyoungua. Kila fundi anaijua harufu hiyo na kila fundi anaiogopa, kwa hiyo alikimbilia pasi, akaikuta ya baridi, waya umezungushwa pembeni. Akapekua magauni yote yaliyoning'inia. Hakuna lililoungua. Harufu ikahamia jikoni, ikahamia ukumbini, ikasimama kwenye kiti cha wageni, na pale ilikuwa kali hata machozi yakamtoka.

Bintiye mdogo, ambaye kwa kupanda juu ya makabati aliitwa Tumbili na nyumba nzima, alikuwa amekaa chini mbele ya kile kiti, ametulia, amekunja mikono.

"Leo mbona umepoa?" fundi alimuuliza. "Unaumwa?"

"Si umeniambia nikae hapa nisitoke?"

"Nimekwambia lini?"

"Sasa hivi." Mtoto alionyesha kiti. "Umesema mtoto mzuri hatoki."

Fundi alimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akaenda naye hadi kitandani kwa mama mkwe, akamnong'oneza sikioni kila kitu, kuanzia kile kivuli alichokificha. Mama mkwe hakumwita mjinga, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mwambie yule bwege aje aing'oe," alisema kwa sauti ya chini. "Leo."

Shemeji alijibu kwamba ana wateja, atafika alasiri. Alasiri ikafika, shemeji hakufika. Uzi mweupe ukamwishia fundi katikati ya pindo la gauni, na gauni linasubiriwa, naye akawaza: duka liko hapo pembeni tu, mtoto yuko na bibi yake, nitakwenda mbio na kurudi mbio. Akaenda mbio. Akarudi mbio, uzi mkononi, akaigusa simu ili mlango ufunguke kama alivyofundishwa, na simu ikamwandikia: *Mwenye nyumba yumo ndani. Tafadhali bonyeza kengele.*

Akabonyeza.

"Nani?" iliuliza sauti yake mwenyewe.

Neno hilo hakuwahi kulisema kwenye simu ya shemeji, hilo alilijua kama anavyojua idadi ya vidole vyake.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nyuma ya ile sauti Tumbili alikuwa anacheka, kicheko cha mtoto anayetekenywa, na cherehani ilikuwa inakanyagwa, inakanyagwa bila kupumzika, kwa mwendo wake yeye fundi, na ule mkwaruzo mdogo wa gurudumu aliosahau kulipaka mafuta. Shemeji ndiyo kwanza anatokea na bisibisi, akamkuta shemeji yake amesimama mlangoni kwake kama mwombaji. Akafungua skrubu, akatoa betri za kengele, akaziweka kiganjani, akazionyesha kama mtu aliyeua nyoka.

"Nimeuliza, mimi nani?" kengele ilisema bila betri.

Bisibisi ilianguka. Madirisha yote yalikuwa na nondo, alizozitia mumewe mwenyewe kuzuia wezi, na wakati shemeji anazunguka nyumba akizitikisa moja moja, fundi aliweka paji la uso kwenye mlango wake na kusema kitu cha pekee kilichobaki cha kusema.

"Hodi."

"Karibu, mgeni," sauti ilisema kwa furaha. "Pita ndani."

Akapita. Tak.

Ndani, viti vilikuwa vimepangwa upya. Tumbili alikuwa kwenye kiti cha fundi mbele ya cherehani, amekalia paja la hewa, miguu yake inaning'inia bila kugusa kiti wala kanyagio, na kanyagio likienda juu na chini. Na gauni la bibi harusi lilikuwa limeshonwa likawa dogo, dogo la kumtosha mtoto, na mtoto alikuwa amevishwa, na mshono wa mgongoni ulikuwa haujaisha, sindano inapanda na kushuka upana wa kidole kutoka kwenye uti wa mgongo wake, na harufu ya kuungua imejaa hadi ulimi unaionja.

Fundi alirudi kinyumenyume hadi kizingiti cha chumba cha nyuma, macho hayabanduki kwenye ile sindano.

"Usimkwapue," mama mkwe alinong'ona. "Usipige kelele. Ulimwambia yuko kwake, naye amekubali. Sasa yeye mwenyeji, wewe mgeni, na mgeni hapigani kwenye nyumba ya watu."

"Atamshona mwanangu, mama."

"Nisikilize. Mgeni ana haki moja hakuna wa kumnyima, awe mtu awe shetani. Anaaga. Akiaga, mwenyeji anafungua mlango na kumsindikiza. Mtoe nje kwa adabu yake mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nimezaa watoto saba ndani ya nyumba hii. Aje anikaribishe mimi, tuone. Aga!"

Fundi alisogea hadi katikati ya ukumbi, akakunja mikono mbele kama mke wa mtu aliyekuja kutoa pole.

"Mwenyeji," alisema, "tunashukuru. Naomba ruhusa, jua linazama."

Cherehani ilisimama.

"Mapema hivyo?" sauti yake mwenyewe ilimjibu kutoka kwenye kiti cha cherehani. "Hata hujakaa."

"Siku nyingine nitakaa."

"Hujaonja hata maji."

"Nimeshiba kwa kukuona."

Kisha, kwa upole, kama mashangazi wote wanavyosema: "Basi mtoto muache alale. Utamfuata kesho."

Fundi alijua, kwa namna mwili unavyojua kabla ya akili, kwamba hiyo kesho haikuwepo.

"Nimekuja kumfuata," alisema. "Baba yake ataniuliza."

"Uliingia peke yako, mgeni. Nilikuona."

"Huyo mtoto alikuja kwangu mimi!" mama mkwe alipaza sauti kutoka kitandani. "Alikuja kunijulia hali, mgonjwa. Kanijulia, nimeridhika, sasa mama yake kaja kumchukua. Au siku hizi wenyeji wanazuia wageni wa wagonjwa? Nyumba gani hii? Nitakusema mtaa mzima!"

Hakuna kinachomuuma mwenyeji kama kusemwa. Sindano ilipanda, ikabaki juu. Uzi ukakatika wenyewe. Tumbili akateremshwa chini taratibu, miguu ikagusa sakafu, akaja mbio na gauni lake la maharusi linaburura, akaushika mkono wa mama yake.

"Sijakataa," sauti ilisema kwa unyonge wa mtu aliyeonewa. "Ngoja basi niwasindikize."

Mlango ulifunguka. Fundi alitoka bila kukimbia, maana mgeni hakimbii, na alipovuka kizingiti alihisi ile harufu ikivuka pamoja naye, bega kwa bega. Shemeji, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alifanya jambo kwa wakati: alirukia mlangoni, akaingia, akaing'oa kengele pamoja na kipande cha mbao, akaitupa barabarani na kuisaga kwa tofali. Nyumba ikavuta pumzi. Kutoka chumba cha nyuma mama mkwe alisikika anaagiza chai kwa matusi.

Fundi alifika kwenye kona. Hapo ndipo msindikizwaji hugeuka na kusema lake. Akageuka. Barabara ilikuwa na watu wake, baiskeli zake, taa za maduka zinawashwa. Hakuona kitu.

"Basi inatosha," alisema kwa sauti ndogo. "Rudi. Asante."

"Ah, hapana," sauti yake ilisema karibu na shingo. "Nikusogeze kidogo."

Akatembea. Kwenye kona ya pili akasema tena, rudi, umechoka, na sauti ikasema haijachoka. Kwenye ya tatu ikamuuliza kwa wema usio na mwisho: "Nikufikishe hadi kwenu. Kwenu ni wapi?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Nyumba yake ilikuwa nyuma yake, na humo mlikuwa na kikongwe asiyeweza hata kugeuka kitandani. Mtaa wowote atakaoutaja, huko atafikishwa, na aliyemfikisha mtu kwake hukaribishwa ndani.

Tangu siku hiyo hakutaja. Alipanga chumba hapa akahama, akapanga kule akahama. Mumewe, dereva wa malori, alimfuata kila alipokuwa na kukuta masanduku hayajafunguliwa. Mama mkwe alipiga simu kusema nyumba imetulia, arudi, naye akajibu kwa ujumbe wa maandishi kwamba yuko njiani. Watu wakimuuliza anakaa wapi, anasema napita tu. Alimfundisha Tumbili vivyo hivyo, akawa anamuuliza kila asubuhi kabla ya uji: "Ukiulizwa kwenu wapi, unasemaje?"

"Tunapita tu."

Lakini mtoto hukua, na mtoto hupenda. Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa mama mmoja mcheshi, mfuga kuku, aliyemwachia Tumbili ampangie mayai kwenye trei. Fundi alikuwa ndani anapiga pasi pindo la suruali ya mteja, amekanyaga sakafu aliyoanza, bila kukusudia, kuizoea. Nje wale wawili walikuwa wanaongea.

"Mikono myepesi hii!" yule mama alisema. "We mtoto umetokea wapi? Kwenu ni wapi?"

Fundi aliiacha pasi juu ya nguo, akaruka kuelekea mlangoni.

"Kwetu hapa," Tumbili alisema.

Nyuma ya fundi, ndani ya chumba, mtu alishusha pumzi ndefu kama aliyetua mzigo wa safari.

"Haya," sauti yake mwenyewe ilisema. "Tumefika."