Jibu Lililokaa Kwenye Droo

Duka la fotokopi lilifurika siku hiyo, maana maombi ya vyuo yalikuwa yanafungwa saa kumi. Muuguzi aliingia saa tisa na nusu, gauni jeupe limenyooshwa pasi, saa imebanwa kifuani, amekumbatia vyeti vyake. Kijana wa mashine, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa sababu ya vidole vyake vyenye madoa meusi, alimtazama hadi akasahau karatasi iliyokwama.

"Kaka, naomba nafasi ya utabibu msaidizi, vyuo viwili. Na simu yangu imezima."

"Basi tuweke namba yangu kwenye fomu, dada. Majibu yakija nitakupigia."

"Ndivyo unavyotafuta namba za watu?"

"Wengine huwa nawaambia wakachaji kwanza."

Alicheka, na Wino akaisha kabisa.

Miezi mitatu ikapita kwa simu za kila mchana na utani usiokwisha. Wino alimwita Tabibu wangu kabla hata chuo hakijamwita.

"Zahanati yetu daktari anakuja Alhamisi tu," alimweleza siku moja. "Mama akija Ijumaa, mtoto sikio linatoa usaha, mimi siruhusiwi kumwandikia dawa. Nimechoka kusema njoo Alhamisi."

"Si utasoma hapa hapa mjini?"

"Hapa wanakaa darasani miaka miwili ndipo waguse mgonjwa. Kile cha mbali wanaingia wodini mwaka wa kwanza."

"Mbali kiasi gani?"

"Safari ya siku nzima, mpenzi."

Wino akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Jumatatu ujumbe ukaingia kwenye simu ya Wino. Vyuo vyote viwili vimempokea. Achague kimoja kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Wino alisoma mara tatu, akaifungia simu kwenye droo. Alijiambia atamwambia jioni. Jioni ilipofika akasema kesho. Tusimtetee: alipenda, na aliogopa.

Jumatano muuguzi akapiga, Wino akaitoa simu kwenye droo. "Wenzangu wote wameitwa. Mimi hata neno. Labda kazi hii hainifai." Sauti ilikuwa imelowa machozi.

Wino alishindwa kuvumilia. "Umeitwa. Kote kuwili. Tangu juzi."

"Na jana nilipokupigia nikilia, ukanyamaza?"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa.

Alhamisi asubuhi Wino hakufungua duka. Alikwenda zahanati, na kwa kuwa ilikuwa siku ya daktari, mabenchi yalijaa hadi barazani. Mtu wa mapokezi hakutaka maelezo. Akampa kadi namba thelathini na moja. Akakaa, na mara mama mwenye namba thelathini na mbili, aliyempakata mtoto mwenye pamba sikioni, akaja kukaa kando yake.

"Anaumwa tangu lini?" Wino aliuliza.

"Nilimleta Ijumaa, mwanangu. Wakaniambia nirudi leo. Hajalala tangu siku hiyo."

Wino akasogea ili mtoto alazwe vizuri.

Zamu yake ilipofika, muuguzi alikuwa mezani na kipimo cha presha. Hakuinua macho. "Unaumwa nini?"

"Nilikuficha jambo."

Muuguzi akamfunga kipimo mkononi, akakaza kuliko inavyotakiwa.

"Niliogopa utaondoka," Wino alisema. "Nikaona nikinyamaza, muda utaamua, mimi nisilaumiwe. Nimekukosea. Simu hii hapa, bado ni saa nne. Chagua unachotaka wewe."

"Presha yako iko juu."

"Najua."

Muuguzi alitazama mlangoni, kwa yule mama na mtoto wake. Akaichukua simu, akabonyeza chuo cha mbali, kisha machozi yakamtoka. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa bado amemkasirikia.

"Na mimi?" Wino aliuliza taratibu. "Nimechaguliwa?"

"Umepokelewa kwa masharti."

"Yapi?"

"Habari yangu ikifika kwako, niipate siku hiyo hiyo. Na siku nitakayorudi na koti la tabibu, uwalete wazee wako nyumbani kwetu."

"Nitawaleta."

Akamfungua kipimo, akajifuta uso kwa kiganja. "Haya, nenda. Kamwite namba thelathini na mbili."

Wino alitoka, akamshikia mama mlango.