Ukumbi wa Mlango Mmoja

Asubuhi zote za kwao Kimaka zilikuwa sawa. Jamirah aliamka, akaswali, akafagia uwanja, akachemsha chai na kumpelekea baba yake barazani. Baba, Mzee Mutwalibu, muuza vitambaa sokoni Jinja, alikuwa bado anatembelea mkongojo tangu aanguke na bodaboda. Mama alikufa mwezi wa Ramadhani, na tangu hapo msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakulia wala hakucheka. Majirani walimsifu kwamba ana subira. Haikuwa subira. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Na katika nyumba hiyo hiyo kulikuwa na harusi ya kupanga. Dada yake, Shakirah, angeolewa na Lukman Wanyera, kijana wa Mbale. Watu wa Mbale walitaka karamu iwe kwao, karibu na mlima. Watu wa Jinja walitaka iwe kwao, karibu na ziwa. Walivutana kwenye simu mpaka masikio yakawaka moto. Mwishowe Mbale wakakubali kuja Jinja, kwa sharti moja: mahali hapo pawe na milango miwili.

Kwa Wasoga wa Jinja na kwa Wagisu wa Mbale sharti hilo si la ajabu. Mkwe na mama mkwe wake huheshimiana kwa kutokaribiana. Hawashikani mikono, wala hawapishani mlangoni. Mama wa bi harusi hakuwapo tena, kwa hiyo mdogo wa marehemu, Namwase, aliyeolewa huko huko Mbale, ndiye angekaa mahali pake. Namwase alisema waziwazi kwamba pakiwa na mlango mmoja, yeye atabaki nyumbani kwake. Maneno hayo yalimfikia Shakirah. Kuolewa huku kiti cha mama ni kitupu ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote.

Jumamosi baba na Jamirah walikwenda Wanyange kutazama ukumbi uliosifiwa sana. Walimkuta askari wa geti, Aloysius, mtu wa kaskazini aliyewahi kuwa jeshini.

"Meneja nakwenda mjini na funguo, bwana," alisema. "Mimi nachunga geti tu. Ndani mimi hapana jua."

"Haya, afande, tutatazama kwa nje," baba alijibu.

Alichungulia dirishani, akapenda alichokiona: nafasi kubwa, feni darini, sakafu ya vigae inayong'aa. Kisha akatazama mteremko wa kwenda nyuma, akatazama na mkongojo wake. "Jamirah, zunguka nyuma. Nitazamie kama kuna mlango wa pili, na kama gari linafika hapo."

Jamirah alizunguka kona ya kwanza. Mbele yake kulikuwa na nyasi ndefu, na baada ya nyasi, ziwa. Akasimama. Si mvivu, msimwonee. Hakuwa amechoka wala hakuogopa nyoka. Hakuona tu sababu ya kupiga hatua nyingine. Mlango uwepo, usiwepo, mama harudi. Alisimama kitambo, akarudi.

"Upo?" baba akauliza.

"Upo."

"Na gari linafika?"

"Linafika."

Baba akafurahi, akampigia Shakirah simu pale pale ili kadi za mwaliko zichapishwe. Uongo ule haukumuuma Jamirah hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Siku chache baadaye Namwase alipiga simu kutoka Mbale. Shakirah alikuwa anafua uani, kwa hiyo Jamirah akapokea.

"Mwanangu, nimeshona busuti ya kuvaa harusini," Namwase alisema kwa furaha. "Ya zambarau, rangi aliyoipenda mama yako. Nimeivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikalia. Baba yako peke yake angeniambia mlango wa pili upo, ningetia shaka. Wanaume hawatazami milango! Lakini umeuona wewe kwa macho yako. Nimewaambia mashemeji zangu wote kwamba nakuja."

Jamirah aliagana naye, akakata simu. Kitu kilimchoma kifuani, kidogo kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Hakukipenda. Alitamani kirudi kulala. Lakini tayari alikuwa amewaona akilini: Namwase na busuti yake mpya anaingia, Lukman anatoka, mama mdogo anageuka na kurudi zake Mbale.

Akaenda uani. "Dada, sikuuona mlango."

"Mlango gani?"

"Wa Wanyange. Sikufika nyuma. Nilisimama tu, kisha nikasema upo."

Shakirah aliliachia shuka likaanguka ndani ya beseni. "Kadi zimeshachapishwa, Jamirah! Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Sikujali. Tangu mama afe sijali kitu. Hata harusi yako."

Jamirah alidhani atapigwa kofi. Shakirah alikaa kwenye kigoda, mikono ikidondosha povu.

"Wageni wakija mimi nacheka," alisema mwishowe. "Wakiondoka, sijui hata nilicheka nini. Nilidhani ni mimi peke yangu." Akasimama, akajifuta mikono. "Twende kwa baba. Utamwambia mwenyewe."

Baba alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini kesho yake wote watatu walirudi Wanyange. Safari hii Jamirah alitangulia, nyasi zikamkwaruza miguu mpaka akaufikia ukuta wa nyuma. Palikuwa na madirisha yenye nondo, kisha mteremko hadi majini. Mlango haukuwepo.

Wakaanza upya. Walipata ukumbi wa milango miwili huko Masese, lakini moshi wa samaki ulikuwa unaingia humo kutwa nzima. Ndipo Jamirah akasema, "Uwanja wa shule yetu una geti la barabarani na geti dogo la walimu."

Akatumwa kutazama. Alizunguka ua wote, akasukuma kila geti kwa mkono wake. Aliporudi alisema, "La walimu lipo, lakini kufuli limeshika kutu. Halifunguki." Mwalimu mkuu aliwaruhusu kutumia uwanja, akaahidi kubadilisha kufuli. Jamirah ndiye aliyesahihisha kadi zote kwa kalamu, mpaka vidole vikamuuma.

Siku ya harusi kila upande ulikuwa na hema lake. Lukman na watu wake waliingia kwa geti la barabarani. Namwase aliingia kwa geti la walimu, akaketi kwenye kiti cha mama. Shakirah alipomwona alijifunika uso kwa viganja.

Baadaye Namwase alimwita Jamirah. "Baba yako amenieleza," alisema. Jamirah akainamisha kichwa. "Huzuni si kosa, mwanangu, na moyo kufa ganzi si dhambi. Siku ukikosa nguvu za kufika nyuma ya ukumbi, sema, 'Sikufika.' Tutamtuma mwingine, na hakuna atakayekulaumu. Lakini ukisema umeona usichokiona, sisi tunatembea kwa macho yako, na tunaanguka. Njia ya mwongo ni fupi. Wewe umeiacha mapema, ukasema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Ndiyo maana leo nimekaa hapa."

Jamirah akainua kichwa. "Mama mdogo," alisema, "inauma."

"Najua," Namwase akajibu. Akasogea pembeni, wakaketi wawili kwenye kiti kile kimoja.