Nimekupata, Asante

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa bingwa wa mashindano ya redio za mawasiliano, zile unazobonyeza maiki ukaongea na mtu wa nchi ya mbali. Kazi yenyewe ni kukaa kitini tangu asubuhi na kuwapata watu wengi kuliko wenzako. Mnatajiana majina ya vituo, mnapeana namba za mashindano, mnaachana. Hakuna kuulizana habari za watoto. Dada alikuwa akimtania kwamba kile kiti ndicho mke mkubwa.

Watu walidhani siri yake ni mtambo wa bei mbaya. Wapi! Siri ilikuwa masikio, na ubahili wa maneno. Aliyemfundisha ni Fundi, mzee mtengeneza televisheni aliyeishi peke yake mtaa wa pili. Somo lake la kwanza lilikuwa moja tu: usimwambie mtu umempata kama hujampata.

Jumamosi ile ya mashindano, mchana kweupe, nilikuwa nimeketi na Shemeji. Mpinzani wake alikuwa anamkaribia. Ikaingia sauti hafifu, imezama kwenye makelele.

"Fundi huyo," akaninong'oneza.

Alikuwa amesikia jina la kituo tu. Akamwomba arudie namba. Sauti ikarudia, ikazama. Akaomba tena. Patupu. Na wenye sauti kubwa walikuwa wakimgombania.

Akabonyeza maiki. "Nimekupata, asante."

Akabuni namba, akaiandika, akahamia kwa mwingine. Nilimtazama. Akakwepa macho yangu.

Alishinda. Kesho yake, pongezi bado za moto, binti wa Fundi akampigia Shemeji simu. Baba yake alikuwa amekutwa sakafuni, nyonga imevunjika, maiki mkononi, roho imeshatoka.

"Jirani alimsikia dirishani," binti alisema. "Baba anasema, nimeanguka, njoo. Mara akasema, ahsante mwanangu, nakusubiri. Jirani akajua kapata mtu, akaenda zake. Kaka, alikuwa anaongea na nani?"

"Sijui," Shemeji akajibu.

Aibu ilinishika mimi, sembuse yeye. Msibani alibeba jeneza upande wa mbele, na watu wakamsifu kwa kumlilia mwalimu wake. Kila sifa ilimwinamisha zaidi.

Tulipotoka makaburini aling'oa nyaya zote, akashusha na antena.

Jumamosi iliyofuata, mchana, mshale unaopima nguvu ya sauti uliinuka. Mtambo umezimwa. Haukutoa hata mkwaruzo. Mshale tu, umeinuka kidogo, ukatulia, ukashuka.

Jumamosi nyingine ukapanda zaidi. Shemeji anaujua mshale ule. Mtu akisogea, unapanda.

Jana ukafika mwisho. Haukushuka.

Dada aliniita mbio. Alikuwa amepiga deki asubuhi, sakafu inang'aa. Sasa ilikuwa na vumbi. Alama za viganja mbele. Nyuma yake mburuzo wa mguu usionyanyuka. Kutoka mlangoni. Mpaka kwenye kiti.

Shemeji alikuwa amekaa hapo hapo, miguu ameikunja juu, uso kauficha kwa mikono. Dada akachukua ndoo.

"Acha," Shemeji akanong'ona. "Usifute. Kaja mwenyewe, na nyonga ile. Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda."

Tukatafuta alama za kurudi mlangoni. Hazikuwepo.