Mwanasesere Aliyefumuliwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Nyoosha. Alikuwa fundi cherehani, na neno lake kubwa lilikuwa hilo hilo: nyoosha. Nyoosha mshono. Nyoosha pindo. Nyoosha mgongo nikupime vizuri. Sare za shule alizoshona hazikuwa na kasoro, na wateja walimsifu mbele yake na nyuma yake, jambo ambalo si la kawaida.

Watoto walipopumzika likizo, yeye ndipo alipochoka. Shule zikifungwa, wazazi hukumbuka kwamba watoto wamekua na sare zimewabana. Basi alishona tangu asubuhi hadi jioni. Mume wake alikuwa mwoka mikate. Alifanya kazi usiku, mchana akalala chumba cha ndani. Kwa hiyo nyumba ilitakiwa iwe kimya.

Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka minane. Walimpa jina la Chiriku, kwa sababu alipojua kusema hakunyamaza tena. Mdogo wake alikuwa mvulana wa miaka minne, na kila mtu alimwita Kitinda.

Lakini siku hizo jina la Chiriku halikumfaa tena mwenyewe. Kila asubuhi mama aliwapa simu na pakiti ya vitafunio vya dukani. "Kaeni kimya," aliwaambia. "Baba amelala." Nao walikaa kimya. Mama aliona ana watoto watulivu, akajisifu kwa majirani. Maskini, hakujua anajisifia nini.

Siku moja Chiriku alikuja kusimama kando ya cherehani.

"Mama, shangazi alisema nikitaka, naweza kwenda kuishi kwake."

"Shangazi yako anapenda utani."

"Hatanii. Nimemwambia nataka. Atakuja kunichukua Jumamosi, kabla shule hazijafunguliwa."

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio.

"Hapa kwenu umekosa nini?"

"Kwa shangazi tunapika pamoja. Tunapiga hadithi. Hapa tunakaa kimya tu."

Mama alitaka kumkaripia. Lakini angemkaripia kwa kosa gani? Mtoto alikuwa amesema kweli.

Jioni yake aliingia jirani wa mlango wa tatu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na alikuja kuchukua gauni lake. Alimkuta Mama Nyoosha ameinama, sindano mkononi, hashoni.

"Vipi, jirani? Kuna msiba?"

"Mwanangu ananihama, Mwalimu." Akamweleza yote.

Mwalimu hakucheka. Alitazama gunia lililokuwa chini ya meza, limejaa vipande vya vitambaa.

"Hivi vitambaa unavifanyia nini?"

"Vya kuwashia moto hivyo."

"Ama kweli mganga hajigangi! Mimi kila siku nahangaika kutafuta vitambaa kwa ajili ya watoto wa watu, na wewe unavichoma na watoto wako wapo."

"Nina kazi, Mwalimu. Muda wa kucheza nao niutoe wapi?"

"Sikwambii uache kazi. Kaa nao nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, simu ikiwa mbali. Saa nyingine wakae karibu yako na kazi yao. Mtoto akikata na kubandika, vidole vyake vinapata nguvu ya kushika kalamu. Akikueleza anachofanya, anajifunza kusema. Simu haiwezi kumjibu."

Mwalimu aliingia jikoni, watoto wakamfuata. Alichukua vijiko viwili vya unga wa ngano, akaukoroga na maji baridi kidogo kidogo hadi mabonge yakaisha. Kisha aliupika kwa moto mdogo, akikoroga mpaka ukawa mzito.

"Ikipoa, hii ni gundi," alisema. "Inabandika kitambaa kwenye karatasi. Isikae siku nyingi, inachacha. Na mambo ya moto ni ya mtu mzima, sawa?"

"Sawa," watoto walijibu.

"Tena jirani, pini na vifungo viweke juu. Kitinda bado anapeleka vitu mdomoni. Huyu dada yake mpe sindano nene isiyo na ncha kali, ashone ukimwangalia."

"Na vitafunio? Wakikosa pakiti zao watanitoa roho."

"Waache watengeneze wenyewe. Ndizi mbivu hukatika hata kwa kisu cha kupakia siagi. Wanyunyizie njugu zilizopondwa. Ziwe zimepondwa kweli, maana njugu nzima zinaweza kumpalia mtoto mdogo. Wanawe mikono kwanza. Chakula alichokitengeneza mwenyewe, mtoto hakikatai."

Asubuhi iliyofuata, simu ilikaa juu ya kabati. Kitinda alikata ndizi vipande vikubwa na vidogo, na vingine vilipotea njiani kuelekea tumboni. Alibandika vitambaa vya bluu kwenye karatasi, akasema ni bahari. Mama alicheka, kisha akaziba mdomo kwa sababu ya baba. Chiriku alianza kushona mwanasesere. Alimjaza vitambaa tumboni, akamshonea macho mawili, moja juu na moja chini.

"Huyu anaitwa nani?" mama aliuliza.

"Bado hajaniambia," Chiriku alijibu. Akaeleza kwamba mwanasesere huyo ni dereva, kwamba haogopi mbwa, na kwamba jicho la juu ni la kutazama taa za barabarani. Alisema mpaka chai ikapoa. Mama Nyoosha alisikiliza, na moyo wake ukatulia. Alijiambia kwamba Jumamosi hakuna atakayeondoka.

Mchana watoto walikwenda kuoga. Mwanasesere alibaki mezani. Mama alimtazama. Mshono ulikwenda kama mlevi. Shingo ilipinda. Jicho moja lilikuwa karibu na paji la uso. Mkono wa fundi ukamwasha. Alichukua mkasi, akafumua mshono wote. Akamshona upya kwa mashine. Akamwekea macho sawasawa na kumvalisha sketi yenye pindo. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye.

Chiriku alirudi. Alimgeuza mwanasesere mbele na nyuma.

"Wangu yuko wapi?"

"Ndiye huyo, mwanangu. Nimemnyoosha."

"Huyu si wangu."

Hakulia. Alimweka mezani taratibu, kama sare ya mteja. Akapanda kiti, akachukua simu juu ya kabati, akakaa kimya.

Mama aliokota nyuzi zilizofumuliwa sakafuni. Alijuta. Alikumbuka picha alizomchorea Chiriku upya alipokuwa mdogo, na herufi alizomfutia, na nywele alizozifumua mtoto alipojisuka mwenyewe. Miaka yote alidhani binti yake amekuwa mtulivu, kumbe alikuwa amekata tamaa. Majuto ni mjukuu.

Alimwendea Mwalimu, akamsimulia. Mwalimu alishika kiuno.

"Jirani, sare ni ya mteja. Mchezo ni wa mtoto. Ukimrekebishia, unamwambia hawezi. Muulize tu anachofanya, kisha msikilize."

"Nimfanyie nini sasa?"

"Muombe radhi. Mkubwa naye hukosea."

Mama Nyoosha alirudi, akakaa sakafuni karibu na binti yake.

"Nimekukosea, mwanangu. Mwanasesere wako alikuwa na jicho la kutazama taa, nami nimelitoa. Siwezi kumrudisha. Nisamehe."

Chiriku aliinua macho kutoka kwenye simu. Halafu akauliza, "Utafumua tena?"

"Sifumui tena."

Siku zilizofuata Chiriku alishona wengine. Mama alikaa pembeni, na mkono ulipomuwasha, aliukalia. Kitinda alimcheka sana. Chiriku alishona, akasimulia, akashona. Lakini hakuna aliyekuwa dereva. Mama aliulizia dereva mara moja, akaambiwa, "Yule alishaondoka." Hakuulizia tena.

Jumamosi shangazi alifika. Chiriku alikuwa sakafuni, vidole vimejaa gundi.

"Haya, mpwa wangu, nguo zako ziko wapi?"

Mama alisimamisha cherehani. "Ukitaka kwenda, nenda, mwanangu," alisema. "Nitalia, lakini sitakuzuia."

Chiriku alimtazama mama, akamtazama shangazi.

"Nitakuja siku mbili tu, shangazi. Kisha nirudi. Kitinda akibaki peke yake, atakula gundi yote."

"Na mama yako je?" shangazi alicheka. "Yeye si fundi? Anahitaji nini?"

"Mama anajitahidi," Chiriku alisema. "Ila bado anajifunza."

Mama Nyoosha hakubisha. Alifuta macho kwa kipande cha sare, akaenda kumfungia binti yake nguo za siku mbili.